Maneno ya Trésor Niliyosema Nimeyasikia

Ganshoren, Jumanne, Novemba 2012

Leo mvua imenyesha tangu asubuhi, ile mvua ya Bruxelles isiyo na nguvu wala haya, inaning'inia tu hewani mpaka inakuingia shingoni. Nimerudi kazini na viatu vimelowa na bado sijavivua. Nimekaa jikoni na kompyuta ya Nadège, mtoto wa dada yangu. Ndiye aliyenifungulia ukurasa huu ili, alisema, nipunguze kuongea kwenye simu.

Sikupunguza. Na hilo ndilo linaloniuma leo.

Ninyi mnaonisoma mnajua hapa ninaandika jambo moja tu: mwanangu Trésor. Kwa anayefika leo niseme upya, na nitasema kwa raha, maana hata siku ya aibu mtoto wangu ni mtoto wangu. Trésor alizaliwa Lubumbashi, akakulia hapa hapa Bruxelles, akaenda Amerika kusoma akiwa kijana, akabaki. Leo ana karatasi za Kimarekani, ni mwigizaji wa filamu na televisheni, acteur kabisa. Hakuanzia juu. Alianza na tangazo la magodoro: anabeba godoro, anapanda ngazi, anacheka. Halafu akawa maiti katika filamu ya polisi. Walimfunika shuka jeupe mpaka usoni, nami nikampigia simu nikamfokea, kwa sababu kwetu mtu aliye hai hafunikwi uso hivyo, ni kujiitia mabaya. "Maman, ni kazi," akaniambia. Halafu dereva wa teksi, mlinzi, mwizi, mlinzi tena. Sasa ni mwaka wa tatu yuko katika hadithi ya hospitali inayoonyeshwa kila wiki. Yeye ni muuguzi mwenye nguo za buluu, yule anayeshika mikono ya wagonjwa wakati madaktari wanagombana. Kule Amerika watu wanamtambua barabarani. Hata mimi wananitambua, huku kwenye maduka yetu ya barabara ya Chaussée de Wavre, kwa kuwa nimewaambia.

Bon. Sasa niandike ninachoona haya kukiandika.

Trésor akinipigia simu, mimi siiweki sikioni. Naiweka kwenye haut-parleur. Kama niko dukani kwa Mama Bijou, rafiki yangu anayeuza vitenge na samaki wakavu, naiweka juu ya vitenge, katikati, wote wasikie. Wateja wananyamaza. Mtu kutoka Amerika anaongea, tena anasema "Maman", na huyo Maman ni mimi. Sijui niwaelezeje utamu wake. Nililea mtoto huyu kwa kumenya viazi vya watu wengine katika jiko la nyumba ya wazee, na mara moja kwa wiki niko malkia kati ya samaki.

Mwaka jana, siku moja, alianza: "Maman, huku mi nina..." Kabla hajamaliza, Mama Bijou akainama juu ya simu.

"Trésor, ni tantine Bijou. Ule doctoresse wa nywele nyekundu, bwana yake yuko ama hayuko? Niko na kaka."

Tulicheka sana. Trésor naye akacheka. Sikumuuliza baadaye alitaka kusema ana nini.

Wiki iliyopita alinitumia ujumbe: "Maman, sehemu ya Alhamisi, uangalie peke yako. Tafadhali." Nimeusoma tena leo kwenye tram. Peke yako. Kwa herufi zinazoonekana. Mimi nilisema moyoni, anaona aibu kwa sababu atalia, wanaume ndivyo walivyo. Nikawaita wanawake wengi kuliko siku zote. Sebule hii ya Ganshoren haikuwa na pa kuweka mguu. Wengine walikaa juu ya radiateur, kile chuma cha joto cha ukutani.

Na sehemu yenyewe ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Muuguzi wetu analetewa mama yake mzazi hospitalini, mahututi. Anapiga magoti karibu na kitanda, anamshika mkono, anamwambia kwa Kifaransa, "Pumzika, mama, mimi niko hapa." Mama anafunga macho. Sebule nzima ililia. Mama Bijou alilia mpaka wigi ikasogea.

Lazima mjue kwamba katika televisheni yetu ya Kifaransa Wamarekani wote wanasema Kifaransa. Kuna watu wa kazi hiyo, wanakaa mahali fulani, wanaweka sauti zao juu ya sauti za wale. Sauti ya Trésor ni ya bwana mmoja nisiyemjua, nzito, safi, kama ya mtangazaji wa redio. Nilikuwa nimeizoea. Wanawake waliniambia, "Mama Trésor, mutoto yako ana sauti ya kiume kweli," nami nikajibu asante.

Nilijibu asante kwa sauti ya mtu mwingine.

Jumamosi alipiga simu. Nilikuwa dukani. Niliiweka juu ya vitenge.

"Maman, uliangalia?"

"Niliangalia, mutoto yangu."

"Ulikuwa peke yako?"

"Peke yangu," nikasema, na Mama Bijou akaziba mdomo kwa mkono.

"Na yale maneno ya pale kitandani, uliyasikia? Ni weye nilikuwa nasemesha."

Nilifikiri ni yale ya pumzika mama, mimi niko hapa. Nilifurahi. Nikatazama huku na huku kuona kama wote wanasikia.

"Niliyasikia yote."

"Alors, unaniambia nini?"

Alikuwa anangoja. Kila mtu dukani alikuwa anangoja, na mimi nikiona watu wanangoja nasimama wima kama niko kanisani. Nikasema: "Nakuambia endelea hivyo hivyo. Usiache hata kidogo. Maman yako anatembea kichwa juu kwa sababu yako."

Wanawake wakapiga makofi. Simu ikanyamaza, nikadhani mtandao umekatika.

"Sawa, Maman," akasema. "Nimeelewa."

Nilinunua samaki, nikarudi nyumbani ninaimba.

Leo sasa. Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, kule Woluwe, kuna padri mmoja mzee, Mflamand, yaani Mbelgiji wa wale wanaosema Kiholanzi, tunamwita Père Jef. Alikaa kwetu Katanga ujana wake wote, na Kiswahili chake ni cha kwetu kuliko cha vijana wetu wa hapa. Nilikuwa namwekea supu. Akanishika mkono wa nguo.

"Mama Trésor, jana niliona mutoto yako. Nilishangala sana. Anasema Kiswahili ya kwetu kabisa."

Nikacheka. "Mon père, huyo kwenye televisheni anasema Kifaransa, kizuri kuliko changu."

"Kwenye televisheni yenu. Siye Baflamand hatubadilishake sauti ya muntu. Tunaandika maneno chini, tunamuacha aseme mwenyewe."

Miaka yote niliyokaa nchi hii sijawahi kubonyeza chaneli za Kiflamand. Nilisema sijui lugha yao, nitafanya nini huko? Kumbe mtoto wangu alikuwa huko, namba chache mbele, anaongea kwa koo lake.

"Na alisema nini?" nikauliza.

Père Jef akaweka kijiko chini. Alinitazama kama anayeona kwamba pengine hakupaswa kuanza. Lakini alisema, polepole: "Alisema, Mama, nilichoka. Huku niko peke yangu. Unipatie ruhusa nirudie nyumbani, na usisikie haya juu yangu."

Halafu akaongeza, "Mi mwenyewe nilitoa mouchoir, nikapanguza macho."

Nilirudi jikoni nikasimama mbele ya sufuria. Mpishi akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, mvuke tu.

Nimelifikiria hili mchana kutwa. Mtoto hakuweza kuniambia kwenye simu, kwa sababu simu yangu ina masikio ya mtaa mzima. Kwa hiyo akaenda kuniambia mbele ya dunia nzima, mahali ambapo hakuna atakayeelewa isipokuwa mimi. Na mimi, katika dunia nzima, ndiye niliyekuwa sisikii. Zaidi ya hapo nilimjibu. Aliomba ruhusa, nikamwambia usiache hata kidogo.

Tena nikapigiwa makofi.

Nilipotoka kazini kulikuwa bado asubuhi kwake. Nikasimama kwenye kituo cha tram nikapiga. Alipokea haraka.

"Maman. Uko na nani?"

Hilo ndilo neno lake la kwanza. Si habari. Uko na nani.

"Na mvua," nikasema.

"Maman."

"Niko peke yangu, kwa Mungu."

"Toa haut-parleur."

"Nimeitoa. Simu iko sikioni, hata sikio limelowa."

Nikamweleza yote, bila kujipamba. Kwamba niliita wanawake. Kwamba Jumamosi nilikuwa dukani. Kwamba maneno yake sikuyasikia, walimwekea Kifaransa, na mimi nikasema nimesikia kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Tram ikaja, ikafungua milango, ikafunga, ikaenda.

"Mi nilizani Kiswahili watakiacha," akasema. "Waliniambia tu, sema kitu kwa luga ya kwenu. Hakuna hata moja aliniuliza maana yake." Halafu: "Na kwa Kifaransa nasema nini?"

"Pumzika, mama, mimi niko hapa."

Akacheka kidogo, kwa pua. "Ni muzuri kupita yangu."

"Trésor, ile jibu niliyokupa..."

"Nilisaini mukataba jana, Maman. Myaka mbili ingine. Weye ulisema niendelee."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

Nikamwomba ayarudie yale maneno, kwa sauti yake. Akakataa, akasema huwezi kuambiwa hivi ukiwa kwenye arrêt ya tram. Nikamwambia nimeambiwa na padri juu ya supu, kwa hiyo arrêt ni mahali pazuri. Akayasema. Ni yale yale ya Père Jef, lakini mwishoni sauti ilikwaruza, kama ilivyokuwa inakwaruza akiwa mdogo akinificha kwamba ana homa. Bwana yule wa redio hana hiyo. Nilisahau kwamba mtoto wangu anayo.

"Ruhusa unayo," nikamwambia. "Ilikuwa yako siku zote, mimi niliikalia. Na haya ni yangu, si juu yako."

"Asante, Maman. Lakini nilishasaini."

"Basi mimi nitakuja."

"Weye?"

Aliuliza hivyo kwa sababu anajua. Wanawake wa dukani nimewaambia kwamba mwanangu ananisihi kila mwaka niende, na mimi nakosa nafasi. Ni kweli ananisihi. Lakini nafasi ninayo. Ninaogopa ndege tu. Hata lifti ya kazini naipanda nikifanya ishara ya msalaba.

"Mimi. Nitapika, utakula, utalala. Ukitaka kulia utalia kwa Kiswahili."

"Utakaa siku ngapi?"

"Mpaka utachoka na mimi."

Mwisho akasema: "Usimulete Mama Bijou."

Kabla hatujaagana nilimuuliza kama naweza kuandika haya hapa. Nilimwambia ukweli, kwamba nina wasomaji, na Mama Bijou ni mmoja wao. Akafikiri. "Andika tu, Maman. Kusoma hakuna haut-parleur."

Donc nimeandika.

Sasa televisheni iko wazi hapo sebuleni, chaneli ya Kiflamand, Père Jef alisema leo wanarudia. Trésor anaongea Kiingereza na yule daktari wa nywele nyekundu. Chini yanapita maneno ya Kiflamand. Sielewi huku wala kule. Nasikia tu sauti inayokwaruza, na ninajua, kabla hata hajafika kwenye kile kitanda, kwamba amechoka. Mtu yeyote aliyemzaa angejua. Ningejua miaka mitatu iliyopita kama ningebonyeza.

Sijui kama ndege itanisamehe woga wangu, wala kama miaka miwili ni mirefu sana kwa mtu aliye peke yake. Sijui pia kama nitaweza kukaa Amerika bila kumwambia mtu ninakaa Amerika. Tazama, hata hapa nimeshaanza kujisifu.

Simu imelia mara mbili, ni wewe, Bijou. Sitapokea. Najua unataka kuuliza ulete nini Alhamisi. Usilete kitu, na usije. Waambie na wengine. Alhamisi nitamwangalia mtoto wangu peke yangu, kama alivyoniomba.

Kesho nitakwenda kuuliza bei ya tiketi. Simu nitaiacha nyumbani.