Mzigo wa Mzee Philbert

Mbeya, 11 Februari 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mimi na mjukuu wako Blessing tu wazima, ila mvua imetufungia ndani na nguo hazikauki. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na goti lako limetulia.

Baba, nimeshaagiza mashine ya masikio. Ni ya kuingia ndani ya sikio, ndogo kama haragwe. Muuzaji yuko Uingereza na hatumi Tanzania. Lakini kuna kampuni ya mizigo yenye ghala hukohuko. Unamwambia muuzaji apeleke ghalani kana kwamba ndiko unakoishi. Wao wanapokea, wanaleta Dar kwa ndege, halafu basi mpaka Mbeya. Frida wa hapa kazini hununua viatu kwa njia hiyo. Anasema ni wiki tatu tu.

Sikupiga simu. Mara ya mwisho tulipigiana kelele mpaka majirani wakaja kusuluhisha. Barua nampa kondakta, Mama ataichukua stendi ya Iringa.

Binti yako,
Jackline

---

Kalenga, 20 Februari 2024

Mwanangu Jackline,

Marahaba. Huku tumeamka. Goti linakusalimu, halijaacha kazi yake.

Nimesoma habari za ghala mara mbili. Kwa hiyo huko Uingereza mimi sasa nina makazi. Nimemwandikia mama yako kwenye karatasi. Amecheka, ameandika chini yake nianze kuvaa tai.

Yeye amechoka kupaza sauti. Siku hizi akitaka kuniita ananirushia punje ya mahindi. Ikinipiga mgongoni ni chakula, ikinipiga kichwani ni mgeni. Juzi zilikuja mfululizo kichwani, nageuka, kumbe padre amesimama muda mrefu ananisalimia.

Mwanangu, sitafuti redio wala kwaya. Nataka mama yako akisema jambo mara moja, nilisikie mara moja. Naona midomo inakwenda, nikimuuliza anapunga mkono: si kitu. Hiyo "si kitu" ndiyo ninayoisoma vizuri kuliko maneno yote. Nimeichoka.

Leo niko peke yangu. Kila Alhamisi anakwenda hospitali ya Tosamaganga kumwona mgonjwa wa jumuiya, na amesahau kwamba leo ni Jumanne. Labda mgonjwa amezidiwa.

Baba yako,
Philbert

---

Mbeya, 14 Aprili 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Blessing alikuwa na mafua, sasa anacheza. Nyie je, baridi imeanza?

Mzigo ulifika ghalani tangu Machi, lakini ukawekwa pamoja na mizigo isiyo na mwenyewe. Kosa ni langu. Akaunti ya kampuni ina jina langu na namba yangu ya mteja. Nilipomjazia muuzaji anwani nikawaza, kitu ni cha baba, sitaandika Philbert kavukavu. Nikaandika "Mzee Philbert", na namba nikaisahau. Basi huko wamemtafuta mteja aitwaye Mzee kwenye kompyuta zao zote. Nimewatumia risiti, picha, kitambulisho. Kila siku anajibu mtu mwingine, na kila mmoja anaanza upya kuniuliza Mzee ni nani.

Sasa wameniamini, lakini wanasema kifaa kina betri ndani, na betri haipandi ndege na mizigo ya kawaida. Tungoje hadi mizigo ya betri ikusanyike ya kutosha.

Nimechoka, Baba, lakini siachi.

Binti yako,
Jackline

---

Kalenga, 5 Mei 2024

Mwanangu Jackline,

Marahaba, na pole. Baridi imeanza, kofia ya sufu uliyoniletea Krismasi siivui hata mezani.

Usijilaumu. Sasa ungeandikaje jina la baba yako, kama la mbuzi? Wao ndio hawakulelewa.

Ila nakuomba, ukiona inakuvunja, acha. Nimezoea. Mtu akizoea kutosikia, huacha hata kugeuza shingo. Mama yako naye ameacha kunirudia maneno. Tunakaa pamoja tunapepeta maharage, midomo yake inakwenda, sijui anaongea nami au na ungo. Amepungua. Nilimwandikia: "Unaumwa?" Akaandika chini yake: "Baridi." Halafu akapunga mkono.

Baba yako,
Philbert

---

Mbeya, 9 Juni 2024

Baba,

Shikamoo! Habari za afya nitauliza barua ijayo, leo nina haraka, basi linaondoka.

Mzigo umefika. Kiboksi kizima kinaenea kiganjani, nikakaa nacho stendi nikalia kama mjinga. Kwa nje wameandika MR. MZEE, kwa wino mwekundu. Nimekizungushia sweta la Mama, kondakta akukabidhi mwenyewe mkononi.

Kiweke chaji usiku, ukivae asubuhi. Kikipiga mluzi, hujakiingiza vizuri. Kisukume taratibu kwa kidole. Mama nitamwambia simu yake ikipata mtandao. Au mshtue wewe mwenyewe!

Binti yako,
Jackline

---

Kalenga, 30 Juni 2024

Mwanangu Jackline,

Marahaba, mwanangu. Mungu akulipe, kwa sababu mimi sitaweza.

Nilikivaa peke yangu, mama yako akiwa kisimani. Nikasikia kuku. Nikasikia kandambili zangu mwenyewe. Nimeandika kwenye diari siku hiyo: "Dunia ina kelele, nilikuwa nimesahau." Nikavuta kofia juu ya masikio, nikakaa kupukuchua mahindi, nimngoje nimshtue.

Akarudi na jirani yetu Esnath. Wakakaa palepale miguuni pangu. Esnath akasema, "Dada Sabina, Daktari alisemaje Alhamisi?"

Mama yako akajibu, "Yaleyale. Uvimbe upo tumboni, unakua. Anataka kunipasua."

"Sasa unangoja nini?"

"Nikilazwa, huyu nitamwachia nani? Mwizi atabeba mlango na fremu yake, yeye atamkaribisha chai."

Wakacheka, Jackline. Nami nikaendelea kupukuchua, kwa sababu mikono haikujua kitu kingine cha kufanya. Hakuna mgonjwa wa jumuiya. Mgonjwa ni yeye.

Esnath alipoondoka nilitaka kusema. Lakini mama yako akaanza kuongea nami. Polepole, bila kunitazama: "Baba Jackline, naogopa." Tangu nimwoe hajawahi kuniambia anaogopa kitu, hata nyumba ilipoungua. Kisha akanieleza anavyoumwa, anavyojikaza nikiingia. Kila siku sasa ananieleza. Jana aliniita mara mbili, nikasubiri punje. Kifaa kikapiga mluzi, akatazama juu ya paa akitafuta ndege.

Najua akijua nasikia, kisingizio chake cha kutokulazwa kitakwisha. Lakini namjua pia. Atafunga mdomo, atapunga mkono, si kitu. Sijui nifanye lipi.

Kwa sasa mwambie mzigo bado haujafika. Nakuomba.

Baba yako,
Philbert

---

Mbeya, 10 Julai 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Sikuuliza afya zenu barua iliyopita. Leo naogopa kuuliza.

Barua yako niliisomea stendi nimesimama, mabasi mawili yakaniacha. Sikujua lolote, kwangu pia kwenye simu ilikuwa "baridi". Nilikukasirikia siku nzima, halafu nikamkasirikia yeye, halafu nikachoka. Jana nilimpigia nikasema ulivyotaka: mzigo bado uko ghalani.

Akasema, "Ghala lipi? Hilo lililo chini ya kofia ya baba yako?"

Akaendelea: "Nilirusha punje, akageuka kabla haijamfikia. Na tangu lini ndege wa kwenye paa akalia ndani ya kofia? Mimi nimemzoea huyo mzee, hata akilala najua anaigiza."

Nikamuuliza, "Mama, umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya pili."

"Na ukaendelea kumwambia yale yote?"

Akasema, "Nilikuwa sijamaliza."

Akakohoa. Nilisikia kuku wenu nyuma yake. Halafu akasema tena, na nakuandikia kama alivyosema:

"Sasa nimemaliza. Njoo na basi la Jumapili utulindie nyumba. Mwambie baba yako Jumatatu tunakwenda Tosamaganga wote wawili, na kofia aiache. Daktari yule anaongea kwa sauti ndogo."

Binti yako,
Jackline