Soksi za Kiti cha Pweza

Kibanda cha Viatu, uani,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu nyingi, na pole na baridi ya huko. Kile kikohozi ulichomtajia mama yako kimekwisha? Unakula vizuri, au bado unashindia chai na biskuti? Sisi hatujambo. Mgongo wangu unalalamika, lakini huo hata ukipewa kitanda cha mfalme utalalamika tu. Mkaza mjomba wako ni mzima, na sauti yake ni nzima zaidi.

Barua yako niliisoma mara tatu, maana ni ya kwanza tangu siku ile nilipokwambia mbele ya watu kwamba miaka minne ya kusomea wadudu wa baharini ni kupoteza wakati. Miaka miwili ukaninyamazia, na ulikuwa na haki. Sasa unaniomba nikufumie soksi zenye kiti cha pweza, uvae siku ya usaili wa kazi, kwa kuwa ukiogopa miguu yako hupoa. Niliruka kwa furaha nikajigonga kichwa kwenye rafu ya viatu.

Nimefuma wiki tatu. Pweza hakunisumbua, kilichonitoa jasho ni kiti. Mimi nilitaka stuli, mkaza mjomba wako akataka kochi, ikabidi seremala jirani aitwe kuamua. Akatafakari, akasema, "Mteja mwenye mikono minane mpe kiti chenye mikono." Basi mikono miwili imeegemea kiti na sita inaning'inia. Soksi ya kushoto pweza ametulia. Ya kulia uzi ulinipungukia, kiti kikakosa mguu mmoja wa nyuma, naye anaonekana yuko mbioni kuanguka.

Jana akaja mwalimu wa sayansi, yule ambaye visigino vyake huisha upande mmoja. Akaziona.

"Fundi, huyu pweza anamsubiri nani hapo? Daktari?"

"Amekalia kiti chake," nikamjibu kwa maringo. "Ndicho anachosomea mpwa wangu. Kiti cha pweza."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanionyesha picha kwenye simu. Kumbe kiti cha pweza ni mnyama mwenyewe, ana mikono mitano kama nyota, hakuna pweza wala kiti! Nilitamani ardhi ipasuke. Tangu jana mkaza mjomba wako ananiita fundi samani.

Kicheko kilipoisha nikaona aibu ya kweli. Mnyama unayemsoma miaka yote hiyo nilimdharau bila hata kumjua. Nikaogopa ukizifungua utasema mjomba ni yule yule, hajabadilika. Nilitaka kuzifumua, ila muuguzi anayekuletea kifurushi anaondoka leo mchana, na usaili wako ni Alhamisi. Nimezituma hivyo hivyo. Ukiona haya, vaa suruali ndefu.

Nisamehe, mwanangu. Nilikosea, na sisemi soksi peke yake.

Mama yako anakusalimu, anasema upige simu. Bibi yako anauliza kama huyo mnyama analiwa, usimjibu. Seremala anakutakia heri, na anatangaza mtaa mzima kwamba kile kiti ni kazi yake. Mungu akutangulie kwenye chumba hicho cha usaili, akupe ulimi mwepesi na moyo thabiti.

Mwalimu aliniambia jambo jingine kabla hajaondoka: kwamba mnyama wako akikatika mkono, huota mwingine. Sikumwuliza huchukua muda gani. Wewe ndiye msomi, niandikie uniambie.

Mjomba wako akupendaye, hata alipokuwa mjinga,

Fundi Viatu