Mji Uliomchagulia Zuwena

Mpendwa Baba Zuwena,

Nakuandikia nikiwa chumbani kwetu Mabela, hapa Maskati. Ni mchana lakini mapazia nimeyafunga. Mawingu yameshuka upande wa milimani na majirani wamekwisha kuwapakia watoto garini kwenda kutazama mvua. Ungekuwapo, ungekuwa wa mwanzo kuwapigia honi watoke. Mimi siku hizi nikisikia ngurumo najifungia ndani, na sina wa kumwambia sababu ila wewe.

Unaikumbuka safari yetu ya Hispania, Zuwena hajaanza chuo? Wenzetu walikuwa wanafunga safari ya Salala kufuata manyunyu ya khareef, msimu wa mvua wa kule, wewe ukasema tukayafuate mbali zaidi. Tukaanzia kaskazini magharibi, pembeni ya bahari kubwa, ambako kiangazi chao kilitulazimisha kununua masweta. Rasharasha haikukatika. Mpaka kuta za mawe zilikuwa zimeota majani. Ukatoka bila mwavuli ukasimama uwanjani, umefumba macho. "Mama Zuwena, njoo," ukaniita. "Hii ni rehema." Nami nimeganda mlangoni, buibui limelowa mpaka magotini.

Kisha ukatuendesha kuelekea kusini. Tulipoivuka milima, mawingu yakabaki nyuma kama yamezuiliwa na ukuta. Mbele yetu ardhi ya manjano, tambarare, ngano imeshavunwa, joto la kupasua midomo. Mwenye hoteli akatwambia kuwa hapo kwao baridi ya Januari hupasua mabomba, na jua la Julai huwafungia watu ndani mchana kutwa. Huko kusini kabisa tukaona mabaki ya theluji juu ya mlima, na chini yake, mwendo mdogo tu wa gari, watu wanaogelea na mashamba yamejaa maparachichi. Zuwena akasema nchi hii moja imekusanya hali ya hewa ya mabara matatu. Ulicheka sana.

Mwisho tukafika mashariki. Mji mkavu, mitende kando ya barabara, milima rangi ya vumbi, na katikati ya mji bonde la mto lisilo na tone la maji, watoto wanacheza mpira ndani yake. Ukasimama darajani ukatazama kulia na kushoto. "Hapa ni Maskati kabisa," ukasema. "Mtoto akija kusoma, asome hapa. Kaskazini ataugua kifua, kule kati ataganda. Hapa hatokuwa mgeni." Nikafurahi, maana khofu yangu mimi ilikuwa theluji. Ukampeleka mwenyewe, ukamtafutia nyumba ghorofa ya pili, ukamnunulia na kigari cha bluu. Ukarudi umeridhika. Mwaka uliofuata ukatutoka.

Sasa nikwambie yaliyotokea.

Joto la kiangazi chao lilikuwa limekwisha. Zuwena alinisimulia kuwa jirani yake wa nyumba ya chini kabisa, mzee mmoja jina lake Paco, ambaye kila wiki humletea machungwa, amemwambia huu ndio wakati wa kuogopa upande ule. Bahari bado ina moto wa miezi iliyopita, na hewa baridi ikipita juu yake, mvua hushuka yote kwa mara moja. Nikamuuliza, "Na lile bonde?" Akanijibu, "Mama, lile kavu. Umeliona mwenyewe."

Siku hiyo nimetoka kusali magharibi, kwao bado mchana. Simu ikalia.

"Mama, mto umejaa," akasema. "Hapa kwetu hata hakujanyesha. Maji yanatoka milimani."

Baba Zuwena, nikakaa kitako. Wewe na mimi tunaijua wadi, bonde kavu linalogeuka mto ghafla. Inakuja na jua linawaka.

"Uko wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye ngazi. Watu wanashuka maegeshoni, chini ya jengo, kutoa magari. Mzee Paco keshatangulia. Nataka nikatoe langu."

"Usishuke."

"Mara moja tu, Mama."

"Zuwena, nakwambia usishuke. Liache."

"Lile gari la Baba," akasema, na sauti yake ikawa ya mtoto mdogo. Hapo simu ikakatika.

Nilipiga tena. Nikapiga, nikapiga. Unamkumbuka Betty, yule msichana wa Uganda anayenisaidia nyumbani? Akaniondolea simu mkononi polepole. "Mama, utamaliza chaji, na yeye akipiga asikupate," akasema. "Kaa hapa. Mimi nitajaribu na yangu." Akakaa sakafuni karibu na miguu yangu. Mimi nna tasbihi yangu, yeye anamuomba Mungu kwa Kiganda, na televisheni inaonesha magari yanaelea katika barabara tulizopita sisi watatu. Kila kigari cha bluu nilikisogelea mpaka uso ukagusa kioo.

Alfajiri ikaingia, hakuna kitu. Nikasali sijui nimesoma nini.

Karibu na adhuhuri ikaingia namba nisiyoijua. "Mama." Neno hilo tu, kisha kilio. Nikampa Betty simu, yeye ndiye aliyemjibu.

Simu ilipokatika alikuwa ameshuka ngazi chache. Taa zikazimika, akasikia maji kabla hajayaona, akageuka akakimbia juu. Mzee Paco alikuwa chini. "Nilimwita kwa jina, Mama," anasema. "Nilimwita mpaka sauti ikanikauka." Walimtoa maji yalipopungua.

Nikamwambia arudi nyumbani, chuo basi, hata leo. Akaniuliza, "Huko Maskati wadi haiui watu, Mama?" Akanambia mke wa marehemu amebaki peke yake, nyumba imejaa matope mpaka kwenye makabati, na yeye anamsaidia kuyatoa. Hawezi kumwacha.

Sikulaumu, Baba Zuwena. Ulimtafutia mtoto mahali panapofanana na kwao, na kweli panafanana. Hilo ndilo linalonitisha. Zamani nilidhani khatari ina sura ya ugeni, theluji na ukungu na baridi ya kugandisha mabomba. Sasa nnaogopa mpaka ukavu. Nikipita mtaa wa Ghala na gari natazama mitaro, najiuliza maji yatatokea wapi.

Nimekata tiketi. Jumapili naondoka. Sijapata kupanda ndege bila ya wewe ubavuni kwangu, na tangu jana napanga na kupangua sanduku. Jana hiyo nilimuuliza Zuwena nimletee nini, khaluwa, kahawa, nguo. Mtoto wako, unamjua, hasemi kama anaogopa.

"Usilete kitu," akasema. "Njoo tu ulale na mimi, Mama. Mvua ikinyesha sipati usingizi."

Nikamwambia na mimi sipati.

Mola akuweke pasipo na jua kali wala baridi kali. Utuombee huko uliko.

Mkeo,
Mama Zuwena