Kanga ya Mama Ilipokwama Hewani

Jumamosi, jioni. Mawingu yametanda tangu asubuhi na joto limegoma kuondoka.

...na ndiyo maana sikulala mchana kama nilivyokuahidi jana, shajara yangu. Ningelalaje? Mama anarudi delta kesho asubuhi, na mpaka adhuhuri ya leo mume wangu alikuwa hajamtolea kanga.

Hata sasa naandika huku mguu unacheza wenyewe chini ya meza. Nimeinuka mara sijui ngapi kuchungulia uani. Nimeunguza wali. Chai nimeitia chumvi. Shamte kainywa yote, kanitazama, kasema ni tamu. Jamani, mume huyu!

Nieleze vizuri, maana nikija kusoma baadaye nitakuwa nimesahau nilivyohangaika. Kwetu kwenye visiwa vya delta, mwanamume aliyeoa hatazamani na mama mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja huchepuka kwenye migomba mpaka mwenzake apite. Aibu hiyo huondoka siku mume anapotoa doti ya kanga, na doti hiyo hatoi kwa mkono wake. Hupelekwa na mshenga yuleyule aliyeleta posa. Mshenga wetu ni Athumani, kaka yake Shamte, naye yuko Ikwiriri msibani, hajulikani anarudi lini. Kanga isipotolewa, Mama hawezi kutupokea kwake tukiwa wawili. Ningekuwa nakwenda kwetu peke yangu, kama mjane.

Mimi, niliyeolewa juzijuzi tu, hina bado iko kwenye kucha!

Mama alikuja kupima macho hospitali ya Mchukwi, akafikia hapa, katika chumba cha Shangazi Zuhura, shangazi yake Shamte, ng'ambo ya pili ya ua. Wiki nzima Shamte anapita nyuma ya nyumba kama mwizi wa kuku kwake mwenyewe. Mama naye akitaka kwenda kuoga, anakohoa kwanza. Na kila nikikaa naye anamwita "huyo mtu wako". Huyo mtu wako amekula? Huyo mtu wako bado anachezea vile vidude?

Kwa sababu kuna hilo gari la kamba.

Shamte anauza mitumba sokoni Kibiti, na pembeni anatengeneza redio. Siku hizi kila kitu kinaingia nchini, hata vitu ambavyo hatujui ni vya nini. Kabla ya harusi alifungua mzigo akitegemea masweta ya watoto, akakuta kiroba kizima cha vitofali vya plastiki, vile vya kuchezea vinavyoumana kimoja juu ya kingine. Hakuna aliyenunua. Akavileta nyumbani. Kisha kwa kinyozi akaona kalenda ya milima yenye theluji, na kijumba kidogo kinaning'inia kwenye kamba hewani, watu wamekaa ndani wanacheka. Alirudi macho yanang'aa. Nilidhani ameokota dhahabu.

Maharusi wengine huletewa kabati la vyombo. Mimi nimejengewa minara.

Wala silalamiki! Jioni tulikaa mkekani tukichambua vitofali kwa rangi, vyekundu kwangu, vya bluu kwake, magoti yetu yanagusana, na sikutaka vile vitofali viishe. Mnara mmoja uko barazani kwetu, wa pili uko mlangoni kwa Shangazi, yote miwili inanipita kimo. Juu ya kila mnara kuna kapi, yaani gurudumu la kupitishia kamba, kama lile tuliloliona kwenye kitabu cha fizikia kidato cha pili nikaona halina faida yoyote maishani. Kati ya makapi unazunguka mshipi mnene wa kuvulia papa, na kwenye mshipi kinaning'inia kijumba chekundu chenye madirisha. Mota ameitoa kwenye redio kaseti iliyokufa, umeme unatoka kwenye betri ya gari. Kimeshabeba kikombe cha kahawa kutoka kwetu hadi kwa Shangazi bila kumwaga. Nilipiga kigelegele. Mama akamuuliza Shangazi, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Hivi mwanangu ameolewa na mtoto wa chekechea?"

Iliniuma. Sikumwambia Shamte, ila nadhani alisikia. Alipanguza kapi muda mrefu.

Basi leo baada ya swala ya adhuhuri akaniambia wazo lake. Kwa kuwa mshenga hayupo, na yeye mwenyewe haruhusiwi, gari lipeleke kanga. Liwe mshenga. Nikaangua kicheko, kisha nikaona hacheki. Nikaenda kumuuliza Shangazi Zuhura, ambaye kwa mambo ya mila hana mzaha hata kidogo. Akafikiri, akasema, "Mshenga ni yule anayetoka kwa mume na kufika kwa mkwe bila kurudi nyuma. Likifika, limefika."

Tukalipakia. Na hapo ndipo kosa letu lilipokuwa. Doti nzima, mpya, imekunjwa na kutiwa udi, ikashindiliwa ndani ya kijumba kilichozoea kikombe cha kahawa. Hatukufikiria uzito. Tulifikiria heshima tu.

Shamte akajificha nyuma ya ukuta wa baraza pamoja na betri yake. Mama akakaa ndani ya mlango wa Shangazi, amejifunika ushungi mpaka puani. Hawaonani. Mimi nimesimama katikati ya ua.

Likaondoka vizuri, taratibu, linayumba kidogo. Likafika katikati ya ua. Mshipi ukalegea, kijumba kikashuka, kikashuka, mpaka kuku wakaanza kukinyooshea shingo. Mota ikalia kama mbu, kisha ikanyamaza. Harufu ya kuungua ikaja. Na mvua, iliyokataa kunyesha siku nzima, ikadondosha tone la kwanza begani kwangu.

Nikakimbilia kijumba.

"Weee!" Shangazi akapiga ukelele. "Usiguse! Ukiitoa wewe si zawadi ya mkwe tena, ni nguo ya binti kwa mama yake!"

Nikabaki mikono imening'inia. Shamte hawezi kutoka, Mama yupo. Mama hawezi kutoka, Shamte yupo. Mimi ninayeweza siruhusiwi. Matone yanaongezeka. Nilitaka kulia, kusema kweli nililia kidogo.

Ndipo nikaona mkono.

Mkono wa Mama, wenye bangili yake ya fedha, umetoka mlangoni peke yake, bila uso. Ukaushika mshipi wa chini. Ukaujaribu kwanza, hivi, kwa vidole, kama anavyoujaribu akiwa ndani ya mtumbwi kujua kama kuna samaki. Kisha akavuta. Mkono wa kulia, wa kushoto, wa kulia, wa kushoto, bila papara. Kijumba kikatikisika.

Nyuma ya ukuta Shamte akahisi kapi linatetema. Nilimwona akichomoa mota, akashika kapi kwa viganja vyake na kuanza kulizungusha kufuata mvuto. Mama akipumzika, naye anapumzika. Mama akivuta, naye anazungusha. Watu wawili ambao hawajawahi kutazamana machoni, wanavutana kwa mshipi mmoja kupita juu ya kuku na mimi.

Sijui kama nitaona tena kitu kizuri namna hiyo.

Kikafika. Mama akaitoa kanga, akainusa, akaingia nayo ndani. Mvua ikawa inanyesha kweli sasa, nami sikusogea. Kisha mkono ule ukatoka tena, ukatia kitu ndani ya kijumba, ukaupiga mshipi mara moja, kama kumwambia mtu wa upande wa pili, haya, vuta.

Ilikuwa tambuu, imefungwa vizuri sana. Shamte hajala tambuu maishani mwake. Aliitia yote mdomoni, akakohoa, machozi yakamtoka, midomo ikawa myekundu, na hakutema.

"Mwambie mkwe wangu aje anisalimie," Mama akasema kutoka ndani. "Lakini aje kwa miguu. Mimi hilo likijumba lake silipandi."

Mkwe wangu! Si huyo mtu wako. Mkwe wangu.

Shamte akavuka ua kwenye mvua, akapiga magoti kizingitini, macho chini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hicho chombo chako kimekonda mno, kilishe kishibe." Akamtazama, akamtazama tena, akiwa amejitanda kanga mpya. "Huko kwangu, kutoka kwenye mikoko hadi jikoni ni matope matupu. Miguu yangu imechoka kubeba ndoo za kaa. Hilo lako litaweza ndoo?"

Angenyamaza tu, mama yangu! Tangu aliposema hivyo Shamte hajakaa. Muda huu yuko uani anapima kimo cha mnara kwa fimbo, anazungumza peke yake habari za mota kubwa zaidi na mshipi wa nyuzi mbili. Mvua imekatika, miti inadondosha maji, nami nimekaa hapa najaribu kuandika, siwezi kutulia. Nataka kumfuata. Nataka kumshika mkono. Nataka kesho ije haraka, na nataka isije, maana ikija Mama anaondoka.

Nimemsikia akicheka na Shangazi ng'ambo ya ua. Wiki nzima hakucheka.

Kiroba cha vitofali vilivyobaki nimeshakishona upya mdomo, kiko tayari kusafiri. Mama, lala salama, na ukifika uwaambie majirani wasishangae. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja mimi na mkwe wako, tumebeba minara yetu kichwani.