Mtambo Ulionitumia na Mlima Niliouchonga

Jabe, Bujumbura
Jumanne, 22 Septemba 1998

Mpendwa mdogo wangu Huseni,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Amélie, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona kabisa. Sisi huku tu wazima wa mwili. Shemeji yako Zubeda amepungua kidogo lakini anakula. Mvua zimeanza, na bati la jikoni linavuja palepale unapopajua.

Barua hii nimempa Népomuscène, yule mwalimu jirani yetu, anayekuja huko Ubelgiji kusoma. Nimemwomba akupe mkononi. Usinijibu kwa posta, wala usipige simu dukani kwa jirani. Ukimaliza kusoma utaelewa kwa nini.

Nianze na ule mtambo wa vita wa mchezo wenu wa mezani, maana umeshaniuliza mara mbili na najua wenzako wa kilabu wanaungoja.

Ulifika mzima mwezi wa saba. Nilipofungua katoni nilicheka peke yangu. Vile vifaru vidogo ulivyokuwa ukinitumia nipake rangi vilikuwa vinakaa kiganjani. Huu ulikuwa mrefu kama mkono wangu toka kiwiko hadi ncha za vidole, ngome nzima ya plastiki juu ya minyororo, mizinga imetokeza kila upande. Mliniomba niubadilishe hadi usifanane na wa mtu yeyote atakayekaa nanyi mezani, na nilifanya hivyo. Paa nililikata kwa msumeno wa chuma, nikauongezea ghorofa moja la bati la dagaa wa kopo. Minyororo ya plastiki niliitoa nikafunga mnyororo wa baiskeli. Mizinga ya kiwandani ilikuwa myembamba kama njiti, nikaweka vipande vya mirija ya breki. Bomba la moshi ni buji kuukuu, plagi ya injini. Mashimo yote niliziba kwa mastiki ile ile tunayozibia mabodi ya magari, nikapiga msasa mpaka kidole hakisikii pa kuungia. Na zile ribiti, vile vichwa vya misumari mlivyoviona kwenye picha, ni mbegu za lengalenga, mchicha wetu, Huseni. Nilizibandika moja moja kwa ncha ya sindano, siku nne.

Kisha rangi. Nyeusi kwanza, kila mahali, kama tunavyofanya chini ya gari. Juu yake kijani cha majani yaliyokauka. Halafu brashi kavu: unaichovya kwenye rangi ya fedha, unaifuta kwenye gazeti mpaka unadhani haina kitu, ndipo unaipitisha kwenye kingo tu, na kingo zinatoka kama chuma kilichochubuka vitani. Kutu niliitengeneza kwa vumbi la chuma nililoliloweka kwenye siki. Miezi hiyo niliamka na hamu ya kazi. Nje watu walikuwa wanazikana, na mimi nilikuwa natafuta rangi halisi ya kutu.

Baadaye ukaniomba na vilima vya kuuwekea huo mtambo, mcheze juu yake. Mimi vilima vya Ulaya sivijui. Nilichukua povu jeupe la katoni za friji, nikalikata kwa kisu cha moto, tabaka juu ya tabaka, nikamwagia vumbi la mbao lililopakwa kijani, njia nikazifanya kwa mchanga wa ufuoni Kajaga. Na nilichonga vilima vile vile ninavyoviona nikisimama mlangoni kwangu.

Hapo ndipo nilipokosea.

Jumatatu ya mwisho ya Agosti, saa tatu asubuhi, askari waliuzunguka mtaa wetu kutafuta silaha. Waliingia nyumba kwa nyumba. Kwangu waliingia watano, na ofisa mmoja nyuma yao, mtu mwembamba mwenye miwani, mpole wa sauti. Walipindua magodoro, wakamwaga mchele. Kisha mmoja akafungua mlango wa karakana na nikamsikia akisema, "Shefu, kuja uone."

Meza yote ilikuwa pale. Vilima, njia, nyumba ndogo, vifaru vidogo vya rafiki zako vimejipanga, na ule mtambo katikati yao. Huseni, mpaka dakika ile sikuwahi kuitazama meza ile kwa macho ya mtu mwenye bunduki.

"Hii kitu ni ya nini?" ofisa akauliza.

"Ni muchezo, shefu."

"Muchezo ya watoto?"

"Ya watu wakubwa. Mudogo yangu iko Ubelgiji, wanacheza na wenzake kwa dadu. Mi napaka tu rangi."

"Nani alikutuma uchonge hii milima?"

"Hakuna mutu, shefu. Naiona pale mulangoni."

Ofisa aliuinua mtambo, akaugeuza, akasukuma mnyororo kwa kidole, akatabasamu. Kisha akaacha kutabasamu akainamia meza muda mrefu. Alipoondoka alimpa askari wake mtambo aubebe. Waombe radhi wenzako.

Siku mbili baadaye alirudi, bila askari, amevaa kiraia, na ramani mkononi. Aliikunjua juu ya meza yangu na kuweka kidole mahali. Nilipatambua kabla hajasema. Ni kule juu kwa Mama Caritas.

Wewe hukumbuki tulivyofika kule, ulikuwa na miezi mitatu mama yetu alipofariki na baba akatupeleka kwa Mama Caritas, rafiki yake, kule kilimani. Maziwa uliyonyonya ni yake. Mimi nilikuwa na miaka sita, na kwa miaka minane nilikanyaga kila njia ya mlima ule.

"Nataka mulima hii," akasema, "kama ulifanya ile ingine. Nyumba zote, njia zote. Nimeambiwa ulilelewa kule. Siku kumi."

"Shefu, mi ni fundi wa magari."

"We ni fundi muzuri," akasema kwa upole ule ule. "Ndiyo maana sikukupeleka mahali wengine wanapelekwa."

Nani alimwambia, sijui mpaka leo. Kila anayepita mlangoni sasa namtazama na kujiuliza kama ni yeye.

Niliogopa, mdogo wangu, na nataka ujue niliogopa namna gani. Kwenye sala nilisahau nimefika rakaa ya ngapi, nikaanza upya, nikasahau tena. Mkono huu ulioandika namba za mabasi ya mji huu kwa miaka ishirini haukuweza kuchora mstari mmoja ulionyooka. Nilijua kwamba waasi wenye silaha hupita kule juu, na nilijua pia kwamba askari wakipanda hawaulizi nani ni nani.

Zubeda ndiye aliyesema. "We fanya, la sivyo watakuchukua. Lakini Mama ashuke."

Akafunga kitenge kama wauza mboga, akapanda nao asubuhi, akapita bariyeri mbili za askari. Nilikaa kizingitini mpaka aliporudi alasiri, na alirudi peke yake. Mama Caritas alikuwa amemkalisha, akampa viazi, akamsikiliza. Kisha akamwambia: "Mi nishuke peke yangu, na hawa majirani nitawaambia naenda wapi? Kama kuna kitu, kiseme kwa wote." Na Zubeda hakuweza kukisema kwa wote, kwa sababu neno likizunguka mlima mzima litashuka mpaka kwa yule ofisa, na litakuwa limetoka nyumbani kwetu.

Basi nikachonga. Nyumba niliziweka, arobaini na moja. Barabara ya malori, njia ya shule, njia ya kisimani, zote. Zilikuwa kwenye ramani yake, nisingeweza kuzificha. Lakini kuna moja ambayo ramani haikuwa nayo: kile kijia kinachoanzia nyuma ya migomba ya Mama Caritas, kinaingia kwenye korongo na kufuata kijito mpaka bondeni. Ukiwa juu hukioni. Pale nilipaka kijani, nikabandika vichaka, nikaongeza vichaka vingine juu yake. Nilitumia ufundi wote niliojifunza kwenye mtambo wako ili pale paonekane hapajawahi kupitwa na mtu.

Siku ya kumi ofisa alikuja na gari, na ndani ya gari kulikuwa na mtu. Alipoteremka nilimtambua: Darius, mtoto wa yule mfyatua matofali, tuliyekuwa tukioga naye kwenye kijito hicho hicho. Alikuwa amekonda. Viatu vyake havikuwa na kamba. Hakunisalimu, nami sikumsalimu.

"Huyu ni wa kule," ofisa akasema. "Angalia, Darius. Kama kuna kitu inapungua, sema."

Darius aliizunguka meza polepole. Alitaja nyumba moja iliyoungua mwaka jana, nami nikaing'oa. Kisha akafika upande wa migomba akasimama. Aliweka kidole juu ya vichaka vyangu, mahali penyewe hasa, na vumbi la mbao likamganda kidoleni. Zubeda alikuwa mlangoni ameshika beseni na hakuliweka chini.

"Hapa ni nini?" ofisa akamuuliza.

Darius hakuniangalia. "Ni pori tu," akasema. "Watu hawapitaki hapo."

"Kweli?"

"Kweli, shefu. Iko sawa. Hakuna kitu inapungua."

Wakaibeba meza wakaipakia, wakampakia na Darius. Gari lilipokata kona nilifagia vumbi la mbao lililobaki sakafuni.

Jumatano iliyopita, saa nne asubuhi, tulisikia mizinga kule juu. Nilikuwa napiga msasa mlango wa gari la mteja. Niliendelea kupiga pale pale mpaka chuma kikawa cheupe, na Zubeda alinishika mkono ndipo nikaacha. Moshi ulionekana mpaka jioni.

Tulimpata Mama Caritas siku ya Ijumaa, kwenye uwanja wa kanisa waliko wakimbizi, mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna. Alikuwa na wanawake wa jirani na watoto wao, watu kumi na tisa kwa jumla. Walishukia kijitoni. "Kule hapakuwa na askari hata mumoja," aliniambia, akishangaa. "Mungu aliwafumba macho." Amelala chumbani kwetu sasa, na akisikia gari anaketi.

Lakini wale wa barabarani na wa njia ya shule hawakupata pa kupita. Zile nyumba na zile njia niliziweka mimi, kwa mkono wangu, nikazipaka vizuri. Saba wamezikwa, na hesabu bado inapanda. Zubeda anasema ramani walikuwa nayo hata bila mimi. Huenda ni kweli. Nalisikia neno lake na bado usingizi hauji.

Darius hajaonekana tena. Mama yake alikuja jana kuniuliza kama nimesikia lolote, kwa sababu mtu alimwambia alionekana mlangoni kwangu. Nilimwambia sijui. Hilo ni kweli, na sijawahi kusema kweli iliyoniuma namna ile.

Nimekuandikia haya yote kwa sababu lazima awepo mtu mmoja mbali na hapa anayeyajua. Kama litanipata jambo, mama yake Darius uje umwambie mwenyewe alichofanya mwanawe, kwamba aliulizwa mara mbili na alijibu mara mbili.

Jana hiyo hiyo, kabla ya adhuhuri, ofisa alikuja tena. Alifurahi. Alinipa mkono, akamsalimu Zubeda, akauliza afya ya mgeni wetu wa chumbani, na sikujua kwamba anajua tuna mgeni. Kisha akakunjua ramani nyingine mezani. Siku kumi tena, akasema.

Mlima wa safari hii siujui, Huseni. Niliitazama ile karatasi mpaka macho yakauma. Sijawahi kukanyaga kule. Watu wake wanateka maji wapi, wanakimbilia upande gani, njia gani haikuandikwa, sina hata moja ninayoweza kuwafichia.

Kesho asubuhi tunaondoka na lori la maharage kuelekea kusini, hadi Kigoma kwa shangazi Mawazo. Mama Caritas atakaa katikati yetu na Zubeda atasema ni mama yake mzazi. Kuna bariyeri nyingi. Mbele ya kila moja nitakuwa naogopa, na usinione mnyonge kwa hilo.

Zubeda anakusalimu sana. Mama Caritas anamsalimu Amélie ingawa hawajawahi kuonana, na anakuuliza kama huko unapata mtu wa kukupikia ugali. Nisalimie wote wanaokutendea wema huko ugenini.

Mwenyezi Mungu akulinde ulipo, na atupitishe sisi kesho, na wale wa mlima nisioujua awaonyeshe pa kupita.

Ni mimi kaka yako, akupendaye daima,
Massoudi