Ng'ombe ya Baba Mukwe na Mashine Tatu

Mama mushauri, nakusalimia kutoka Gisenyi, na ninaomba unijibu mbele ya siku ya Mungu, sababu siku ile baba mukwe wangu, muzee Karenzi, anakuja kutazama ng'ombe aliyotupa kisha harusi, na mi naogopa hataikuta.

Bon, muke wangu Uwamahoro anauza chai na mandazi pale minibus za Kanama zinapoanzia, na ile ng'ombe iko Mudende kwa kaka yangu. Mwezi uliopita binamu yangu Viateur wa Goma akaniambia kuko hoteli moja ilifunga, naye alichukua mashine tatu zinazouza zenyewe, unatia sarafu, kitu kinatoka, muuzaji hakuna. Akasema, "Rugema, we utalala, mashine itakutumikia. Chagua moja, unipe ile ng'ombe." Nikakubali bila kumuambia Uwamahoro, ila niliomba nizijaribu kwanza, na sasa kuchagua kumenishinda.

Ya kwanza ni ya kahawa, niliisimamisha karibu na kibanda ya muke wangu, nikamuambia ni ya rafiki, lakini inamwaga kahawa mbele, kikombe kinaanguka nyuma. Mama Nyirabagenzi, jirani yetu, alitia sarafu, akaisalimia, akangoja, ikamumwagia viatu. Akaniuliza, "Inanikasirikia nini? Mi niliisalimia muzuri." Ya pili ni ya fanta baridi, lakini courant, ule umeme, ikikatika inameza sarafu na inanyamaza, watu wanaipiga mateke, na mi nasimama pale siku muzima naomba musamaha, donc muuzaji ni mi tena. Ya tatu ni mizani, unapanda, inakutolea karatasi ya kilo zako, haitaki courant, lakini watu wa soko wanaipandisha mifuko ya viazi.

Viateur anataka ng'ombe siku ya tano, siku mbili mbele ya siku ya Mungu. Nichague gani? Na Uwamahoro nimuambie nini? Akiuliza habari ya ng'ombe, mi namujibu inakula muzuri.

Rugema

*

Rugema, pole, na mfikishie pole zangu Mama Nyirabagenzi. Lakini swali dogo umelieleza kirefu, na kubwa umelificha mwishoni.

Mashine ya kahawa irudishe leo. Umeisimamisha kando ya mke anayeuza chai. Ulifikiri itamnyang'anya nani wateja? Ya fanta irudishe pia, hadi umeme wa mji wenu utulie, nami sikushauri uusubiri umesimama. Mizani ndiyo biashara: haichemshi, haigandishi, haiishiwi kitu ila karatasi. Ipeleke karibu na duka la dawa, uandike kwa herufi kubwa: watu tu, viazi hapana. Ila usiinunue. Mwambie Viateur mgawane kinachoingia. Akikataa, basi hata yeye haiamini mashine yake, na azisukume zote tatu mpaka Goma.

Sasa ng'ombe. Huyo si mtaji wako. Mzee Karenzi alimtoa mbele ya koo mbili, na kila aliyekunywa pombe siku ile ni shahidi.

Tena nikuambie jambo. Juma lililopita niliandikiwa na mwanamke wa Gisenyi anayeuza chai. Mumewe ameleta mashine "za rafiki", na shemeji yake ameshuka kutoka Mudende kumuuliza kama ni kweli ng'ombe anakwenda Goma. Aliniuliza, "Nimuseme, ao nimuache achoke mwenyewe?" Nilimshauri asubiri mpaka Jumapili hii baba yake atakapokuja, aone kama mumewe ni mwongo au ni mwoga tu. Kwa hiyo kila unapomwambia ng'ombe anakula vizuri, anakutazama na kunyamaza kwa sababu nilimwomba anyamaze. Mimi nisingeweza.

Leo jioni mwambie yote kwa mdomo wako, wala usimtaje Viateur kana kwamba alikuroga. Akikukaripia, usijitetee. Kesho mpande wote wawili Mudende, mmlete ng'ombe nyumbani, kamba ushike wewe. Na Jumapili mzee akiuliza mbona mkwe wake anatazama chini, mwache Uwamahoro ajibu.