Nimechoka Kupona

4 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kama ulivyoniambia katika ile ya mwisho. Mimi sijambo. Karakana inaendelea, wiki hii nasukuma randa kwenye milango ya shule na pua imejaa vumbi la mbao.

Mama, mkwe wako ananishinda. Unaujua mgongo wake tangu alipoanguka kwenye ngazi, huu mwaka wa nne. Dawa ametumia, mazoezi amefanya, na daktari katwambia wazi kuwa maumivu hayo ataishi nayo. Mimi sikukubali. Kila Alhamisi naleta watu wa maombi sebuleni, tunamzunguka, tunamwekea mikono, tukimaliza namuuliza, "Mke wangu, unajisikiaje?" Wiki tatu mfululizo akasema amepona. Nikamsimamisha kanisani ashuhudie, na vigelegele vilivyopigwa, mchungaji alisahau hata matangazo! Jumapili iliyofuata akakataa kwenda. Na iliyofuata tena. Siku hizi haombi hata chakula kikiwa mezani. Jana kaniambia, "Nenda wewe. Mimi nimechoka kupona."

Unakumbuka alivyokuwa? Siku niliyomwona mara ya kwanza nilikuwa natengeneza mabenchi ya kwaya, wao wanafanya mazoezi, yeye sauti ya pili. Nilimtazama mpaka nikajigonga kidole na nyundo. Akaangua kicheko katikati ya wimbo, mwalimu wa kwaya akamtoa nje, nami nikapata nafasi ya kusema naye. Kile kicheko sijakisikia muda mrefu. Naogopa, Mama. Naogopa yeye anamwacha Mungu, na mimi ndiye niliyemsukuma. Wewe uliwezaje na Baba, na zile nyonga zake?

Mwanao

21 Machi

Msumari wangu,

Marahaba. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mwandiko usikushangaze, kalamu hii mbovu.

Sasa kaa kitako nikuseme. We mtoto, mkeo unampandisha kizimbani kila Alhamisi! Mtu anaumwa, watu wazima saba wamemkodolea macho, ulitaka ajibu nini? Kasema amepona ili waende makwao.

Lakini sikulaumu sana, mtoto wa nyoka ni nyoka. Baba yako nilimfanyia hivyohivyo. Ulikuwa darasa la pili, huwezi kukumbuka. Alisimama kanisani na suti yake ya kahawia, akashuhudia kuwa nyonga zimepona, nami nikalia kwa furaha. Miezi mitano baadaye nikaingia stoo kutafuta ndoo. Nikamkuta amelala sakafuni nyuma ya magunia ya mkaa, kaiuma kola ya shati ili tusimsikie. Kumbe ndiko alikokuwa akijificha siku zote hizo. Akaniambia, "Sikutaka kukuharibia imani yako." Mwanangu, maneno hayo yananichoma mpaka leo.

Tangu siku hiyo sikumuuliza tena kama amepona. Kupona nilimwombea peke yangu, kimyakimya. Yeye nilimuuliza kila asubuhi, "Mume wangu, leo tuombe nini?" Siku ya kwanza akajibu, "Omba niweze kuvaa viatu." Basi tukaomba viatu! Siku nyingine ilikuwa ngazi za ofisini, siku nyingine aliomba asinigombeze. Tuliishi hivyo miaka kumi na mmoja. Zipo asubuhi tuliomba viatu na bado nikapiga magoti kumfunga kamba mimi, na hatukusema Mungu hakuja. Ninavikumbuka sana vile viatu mlangoni.

Watu wako wa Alhamisi waage kwa adabu. Halafu kamwombe mkeo radhi.

Mama yako

9 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kuandika nikiwa na la kusema.

Nilimwomba radhi. Siku ya saba nikamuuliza leo tuombe nini, akanitazama kama fundi anayekagua mbao za mtu asiyemwamini. Akasema, "Omba nisimame nioshe vyombo mpaka viishe." Vikabaki sufuria mbili, nikaosha mimi. Basi tukaendelea hivyo. Mwezi uliopita akasema kwa sauti ndogo, "Omba niimbe ubeti mmoja."

Sasa Mama, mwalimu wa kwaya ni yuleyule, na kwake kwaya husimama. Nikampima mke wangu amesimama, nikampima amekaa, nikamtengenezea kiti kirefu chenye pa kuweka miguu. Akikalia, kichwa chake kiko sawa na vya wenzake. Jumapili aliimba beti mbili. Ubeti wa tatu alifumba macho, akashika kiti kwa mikono miwili, maumivu yamemjia. Aliposhuka alikuwa anatetemeka, lakini anacheka. Nililia mbele za watu, sijali.

Barua yako ameisoma mara mbili. Anasema kalamu mbovu hukatakata wino, haitetemeshi herufi. Anasema mwandiko wake mwenyewe ulitetemeka hivyo mwaka ule alioanza kutuficha maumivu. Kanituma nikuulize: Mama, leo tuombe nini?

Mwanao

7 Julai

Mama,

Shikamoo. Kimya chako kinatutisha. Barua ilifika? Tujibu hata mstari mmoja.

Mwanao

30 Julai

Wanangu,

Marahaba. Leo sianzi na lile neno langu la kila siku. Mimi si mzima. Vidole vimekakamaa tangu mwaka juzi, na barua hii naiandika siku ya nne.

Ile yenu ya Juni ilifika. Niliisoma, nikakasirika, nikaiweka chini ya mto. Nilimlaumu baba yenu kwa kujificha stoo, kumbe na mimi stoo yangu nilikuwa nayo, nimeiita "mimi mzima". Nilidhani mama akisema anaumwa, watoto watakosa pa kuegemea. Mkwe wangu, macho yako Mungu ayalinde. Umeniona kutoka mbali kuliko huyu niliyemzaa.

Jumapili nataka kuvaa ile blauzi ya kijani aliyoipenda baba yenu. Ina vifungo sita. Niombeeni vinne. Viwili vya juu nitaviacha wazi, uzee huu nani atanitazama!

Mama yenu